Tumbo Halisahau Kuguswa: Mafunzo Niliyopata Kwenye Maabara ya Panya

Mama yule alifika wodini usiku, anatapika maji ya kijani, tumbo limejaa kama ngoma, siku ya nne hajapata choo wala hajatoa hewa. Historia yake ilikuwa fupi: miaka 6 nyuma alijifungua kwa upasuaji, basi. Tulipomfungua tulikuta utepe mmoja wa kovu, mwembamba kama kamba ya kiatu, umeukaba utumbo mwembamba. Daktari bingwa aliukata mara moja kwa mkasi. Utumbo uliokuwa umeiva rangi ya zambarau ukaanza kurudia wekundu wake taratibu, mbele ya macho yetu. Kazi yangu usiku ule ilikuwa kushika vyuma vya kupanulia jeraha, kwa hiyo nilipata muda wa kujiuliza: utepe huu ameusuka nani? Mama hakuzaliwa nao. Tulimsukia sisi watu wa kisu, siku ileile tuliyomwokoa yeye na mwanawe.

Na hayuko peke yake. Huko Scotland watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 watu karibu 30,000 waliofanyiwa upasuaji wa wazi wa tumbo au viungo vya ndani ya nyonga mwaka 1986. Zaidi ya theluthi moja walirudi kulazwa kwa tatizo lililotokana, au lililoweza kutokana, na matumbo kushikana, au kwa upasuaji ambao kushikana huko kungeweza kuutatiza.

Nilipofika kwenye tasnifu ya ubingwa, nikachagua swali hilo. Kamati ya maadili ikaniidhinishia panya weupe 48. Mwisho wa kazi nilikuwa nimetumia 60, na sababu ya wale 12 wa ziada nitaieleza. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

1. Kinachong'aa ndicho kinacholinda

Ukifungua tumbo la panya aliye hai na mzima, kinachokuvuta macho kabla ya utumbo wenyewe ni mng'ao wake. Mng'ao huo ni peritoniamu, utando unaofunika viungo vya tumbo kisha ukageuka kuufunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Kwa mtu mzima, ukiukunjua wote, eneo lake linakaribiana na la ngozi ya mwili mzima. Uso wake ni safu moja tu ya seli. Safu moja! Katikati kuna majimaji machache yanayofanya utumbo uteleze juu ya utumbo mchana na usiku bila wewe kujua.

Siku za mazoezi nilitoa nje sekamu, ule mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana wa panya, nikauacha chini ya taa ya upasuaji bila kuulowesha. Baada ya dakika chache mng'ao ulififia, uso ukawa kama sahani iliyokaukiwa na povu la sabuni. Hakukuwa na damu wala mkwaruzo. Kama ningekuwa kwa mgonjwa, ningesema sijamdhuru popote.

Kumbe madhara yalikuwa yameanza. Utando ukiumia, mwili humwaga juu yake faibrini, gundi ileile inayogandisha damu, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Utando wenye afya una kimeng'enya chake cha kuiyeyusha gundi hiyo. Mambo yakienda sawa, gundi huisha katika siku chache, na seli mpya hufunika pengo kwa muda wa siku 5 hadi 7 hivi. Lakini utando uliokauka, uliosuguliwa au ulionyimwa damu hauna nguvu ya kuyeyusha. Gundi inabaki, seli za kujenga kovu zinahamia ndani yake, mishipa midogo ya damu inazifuata. Gundi ya siku ya pili unayoweza kuitenganisha kwa ncha ya kidole inakuwa utepe unaohitaji mkasi.

Tangu nikiwa daktari wa mafunzo nilikuwa nikiambiwa nifunike matumbo kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Nilitii kama mtu anayetii desturi ya nyumba ya wenyewe. Baada ya kuiona ile sekamu nikaelewa kwamba maji yale ni tiba yenyewe.

2. Si kila kilicho wazi kinaomba uzi

Mwaka 1962 daktari mpasuaji wa Kiingereza, Harold Ellis, alichapisha majaribio yake ya panya kuhusu jambo hili. Alikata vipande vya utando kwenye ukuta wa tumbo. Mahali alipoacha pengo wazi, mara nyingi palipona laini bila kushikana na kitu. Mahali alipovuta kingo na kuzishona zikutane, utumbo ulikuja kunasa. Maelezo yake ni kwamba uzi unaobana unainyima nyama damu, na nyama yenye njaa ya damu huita jirani aje kuilisha. Utepe wa kovu, kwa mtazamo wake, ni msaada uliopelekwa mahali penye dhiki.

Nilisoma jambo hilo mara tatu kabla ya kulikubali, maana mikono yangu ilikuwa imelelewa kushona kila tundu. Nikalijaribu kwa panya wawili wa mazoezi. Pembeni mwa uzi wangu, tena uzi niliouona umekaa vizuri kabisa, ndipo pazia la mafuta linalofunika matumbo lilipokuja kujibandika. Pale nilipoacha wazi palikuwa pamepona, panang'aa.

Miongozo ya Uingereza ya kujifungua kwa upasuaji inasema utando huu usishonwe, hasa kwa kuwa kuuacha huokoa muda na kupunguza haja ya dawa za maumivu. Bado nawaona wenzangu wanaoushona kwa uzuri wa kupendeza. Nawaheshimu, lakini siku hizi sinyamazi.

3. Unga

Hapa ndipo panaponiuma.

Kundi langu la kwanza lilikuwa la panya 12 wa kulinganishia. Nilipaswa kuwapa nusukaputi, kuwafungua tumbo, kusubiri muda uleule wa upasuaji kamili, kisha kuwafunga bila kugusa utumbo. Bila kundi kama hilo huwezi kujua kama kilichotokea kimeletwa na jeraha unalolichunguza au na kitendo chenyewe cha kufungua. Siku ya 14 nilitegemea kukuta matumbo safi. Nikakuta vinundu vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, vimetapakaa juu ya utumbo, na kwa panya kadhaa pazia la mafuta limeng'ang'ania mshono.

Niliwaza ni maambukizi. Mtaalamu wa patholojia alikata kipande kimoja, akakiweka chini ya hadubini, akazungusha vichujio vya mwanga mpaka uwanja wote ukawa giza. Akaniambia, "Dokta, njoo utazame." Ndani ya lile giza kulikuwa na vimisalaba vyeupe vinavyometa, kila kimoja kimekaa katikati ya kundi la seli za ulinzi zilizokuwa zikijaribu kukimeza. Ulikuwa wanga. Punje ya wanga wa mahindi, ukiitazama kwa mwanga wa namna ile, hujichora msalaba.

Wanga huo ulitoka kwenye glovu zangu. Nilikuwa navaa glovu za unga, zile zinazoteleza vizuri mkononi, na sikuzisuuza kabla ya kufungua tumbo. Habari yenyewe ilikwisha kujulikana zamani. Kwanza glovu zilipakwa talki, ikaonekana inaacha vinundu na makovu tumboni. Wakahamia wanga wa mahindi wakiamini mwili utaunyonya bila madhara. Wanga nao ukaleta ya kwake. Marekani ilipiga marufuku glovu za unga kwa kazi za tiba kuanzia Januari 2017. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Kuyasoma na kuyakumbuka saa 12 asubuhi mbele ya meza ya upasuaji vikawa vitu viwili.

Panya 12 walikufa bila kujibu swali lolote. Nilirudi kwa kamati ya maadili na barua ya kurasa mbili, nikaeleza kosa langu, nikaomba wengine 12. Walinipa, kwa masharti. Barua ile ninayo hadi leo, na hunitia simanzi kila nikiishika.

4. Maumivu ya panya hutokea usiku

Banda la wanyama lilikuwa na mzee mmoja aliyelihudumia kwa zaidi ya miaka 20. Sisi wanafunzi tuliingia asubuhi, tukachungulia vizimba, tukaandika "hali nzuri" kwenye daftari, tukaondoka. Jioni moja nilipita kuchukua koti langu nikamkuta amechuchumaa mbele ya kizimba na tochi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Huyu wako hajambo mchana tu. Njoo umwone saa yake."

Panya ni mnyama wa usiku. Mchana analala, na mgonjwa na mzima wote hulala. Ile ilikuwa saa ambayo panya mzima anachimba pumba, anapanda kwenye wavu, anajisafisha uso kwa mikono miwili. Yule alikuwa amejikunja pembeni, mgongo juu, manyoya yamesimama. Macho yalikuwa nusu yamefumba, mashavu yamebonyea, masikio yamejikunja. Kuzunguka jicho moja kulikuwa na uchafu mwekundu niliodhani ni damu.

"Si damu," mzee akasema. "Ni machozi ya shida."

Alikuwa sahihi. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji yenye rangi nyekundu. Anapokuwa na dhiki yanazidi, naye anaacha kujisafisha, kwa hiyo yanaonekana. Na uso aliokuwa akinielekeza kwa tochi ndio uleule ambao mwaka 2011 watafiti waliuwekea kipimo: macho, pua na mashavu, masikio, sharubu, kila kimoja kwa alama. Mzee alikuwa akiusoma kabla ya kipimo hicho kuchapishwa.

Nilikuwa nikimpa kila panya sindano ya buprenofini asubuhi baada ya upasuaji. Kwa panya, dawa hiyo hufanya kazi kwa saa kadhaa, pengine nusu siku. Kumbe ilikuwa ikiwaishia wanapoamka. Tangu siku ile nikaongeza dozi ya jioni, na nikaja mwenyewe kuichoma.

Wapo watafiti wanaonyima dawa za maumivu wakihofia kuharibu matokeo, na hofu hiyo si ya bure kabisa: dawa za jamii ya diklofenaki hupunguza uvimbe, na uvimbe ndio tunaoupima. Lakini kwa sababu hiyohiyo unachagua dawa ya jamii nyingine, unawapa panya wote sawasawa, kundi la kulinganishia likiwemo, unaandika. Panya anayeteseka hali, hanywi, homoni zake za dhiki ziko juu, kinga yake imevurugika. Unapima nini hapo? William Russell na Rex Burch waliliandika jambo hili mwaka 1959 walipotoa kanuni tatu zinazoongoza maabara hadi leo: tafuta njia isiyohitaji mnyama, kama hakuna, tumia wachache iwezekanavyo, na hao wachache uwapunguzie mateso. Nilikuwa nimezikariri kwa ajili ya mtihani.

5. Usaha una vipindi viwili

Jaribio ninalolipenda kuliko yote si langu. Lilifanyika Marekani katikati ya miaka ya 1970, na kila daktari wa wilaya anayetibu tumbo lililotoboka anaishi ndani ya matokeo yake, ajue asijue.

Watafiti walichukua kinyesi cha sekamu za panya waliolishwa nyama, wakakichanganya na bariamu, wakakitia kwenye kidonge cha jelatini na kukipandikiza tumboni mwa panya wazima. Kidonge kikayeyuka, uchafu ukamwagika, kama utumbo unavyotoboka. Siku za mwanzo panya walikufa kwa peritonitisi, uvimbe mkali wa utando, bakteria wakiwa wameingia kwenye damu. Waliovuka kipindi hicho walionekana wamepona. Walipofunguliwa baadaye, matumbo yao yalikuwa na majipu.

Kisha wakajaribu dawa. Bila dawa walikufa asilimia 37, na waliobaki wote wakawa na majipu. Waliopewa jentamaisini peke yake walikufa asilimia 4 tu, lakini asilimia 98 ya waliobaki walipata majipu. Waliopewa klindamaisini peke yake ikawa kinyume: vifo asilimia 35, majipu asilimia 5. Waliopewa zote mbili, vifo asilimia 7, majipu asilimia 6.

Zitazame tena namba hizo. Ni maradhi mawili ndani ya tumbo moja. Bakteria wa aina ya E. coli ndio wanaoua mapema, na jentamaisini inawaweza. Wale wasiopenda hewa, kama Bacteroides fragilis, wanangoja, wanajenga jipu, nao wanahitaji dawa yao. Ndiyo maana leo mgonjwa wa kidole tumbo kilichopasuka anatundikiwa seftriaksoni pamoja na Flagyl ya mshipa. Ndugu wa mgonjwa wanapoambiwa dawa moja imekwisha dukani wakauliza kama ile nyingine haitoshi, mimi hukaa chini nikawaeleza habari za panya wale. Wanaelewa haraka kuliko ninavyotarajia. Kuna baba mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akachukua bodaboda usiku uleule kwenda kuitafuta mjini.

6. Panya si mgonjwa wangu

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akitumia njia nyingine ya kuambukiza tumbo, iliyoelezwa mwaka 1980: unafunga sekamu kwa uzi, unaitoboa kwa sindano, unairudisha ndani, utumbo unavuja wenyewe. Uzi ni lazima ukae chini ya mlango wa utumbo mwembamba. Ukiupandisha kidogo umeziba njia ya chakula, na umetengeneza ugonjwa mwingine. Badilisha sindano ya namba 21 kwa ya namba 18, ambayo ni nene zaidi, na vifo vinapanda. Ni njia nzuri. Lakini panya wake wote walikuwa vijana, wameshiba, wa uzao mmoja, na saa ya kutobolewa inajulikana.

Mgonjwa wangu ni mtoto wa miaka 9, homa ya matumbo imemtoboa utumbo siku tatu zilizopita, kapitia duka la dawa na zahanati, kakonda, maji yamemwishia mwilini. Hata homa hazifanani: panya akizidiwa na maambukizi mara nyingi hupoa badala ya kuchemka. Kupoa huko tulikutumia kujua nani hatapona, ili tumpumzishe kabla hajafikia kufa mwenyewe.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha kwenye jarida la akademia ya sayansi ya Marekani kwamba jeni za panya mdogo zinaitikia uvimbe tofauti kabisa na za binadamu. Mwaka 2015, jarida lilelile, wengine wakazichambua takwimu zilezile wakasema zinafanana sana. Nimeshiriki mabishano hayo hadi usiku wa manane. Msimamo wangu ni kwamba panya ameshatufundisha mengi kuhusu utando, gundi na jipu. Kuhusu nani atakufa wodini kwangu kesho, naamini macho yangu na mikono ya sista.

7. Kizimba cha 9

Siku ya 14 kazi ni kuwaua na kuwafungua. Unakata ukuta wa tumbo kwa umbo la herufi U, mbali na mshono wa zamani, uukunje kama kifuniko cha bahasha, ili usije ukakata kovu unalotaka kulihesabu. Anayetoa alama, sifuri hadi nne, hatakiwi kujua panya ni wa kundi gani. Kwangu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, msichana makini aliyekataa nisimame karibu naye asije akausoma uso wangu.

Matokeo yangu hayakugundua kipya. Waliofanyiwa kazi kwa shashi kavu walishikana zaidi, waliotunzwa kwa unyevu wakashikana kidogo. Nikaandika, nikatetea, nikafaulu. Nikaenda bandani kumuaga mzee. Nilikuta vizimba vimeoshwa, vimepinduliwa juani.

"Nina swali, daktari," akasema. "Yule wa kizimba cha 9, uliyekuwa ukimchoma jioni. Mlikuta nini?"

Sikuwa na jibu kichwani. Kwa miaka 20 na zaidi alikuwa amewalisha, akawanywesha, akawakabidhi wakiwa hai, wala hakuna mtafiti aliyewahi kurudi kumweleza walikufa kwa ajili gani. Nilitoa daftari kwenye mkoba, tukakaa kwenye ndoo mbili zilizofudikizwa. Namba 9: shashi yenye maji, sekamu imepona, inang'aa, utepe mmoja mwembamba kwenye pazia la mafuta, alama 1.

"Na wa 10?" akauliza.

Nikafungua ukurasa.